Kofia Iliyopanda Lobedi

Mtu akikuambia "hakuna shida" kabla hujamaliza kueleza shida yako, chukua mkoba wako uende zako.

Hilo ndilo somo la kwanza nililokuwa nikiwapa vijana waliokuja kufanya kazi chini yangu, na kwa kuwa sasa nimestaafu na hakuna simu ya ofisini ya kunikatiza, nitaanza nalo tena. Jina langu ni Beatrice Nafula. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, kwa hiyo nimezaliwa na kukulia hapa hapa Nakuru, na kelele za vyuma ndizo zilizonilaza usingizi nikiwa mtoto. Kwa miaka mingi nilishughulikia usafiri katika kampuni ya ujenzi ya Kalasinga mmoja tuliyemwita Mzee Jaswant. Alikuwa na greda, rola, matingatinga, na eskaveta moja ya njano aliyoipenda kuliko gari lake la kwendea hekaluni. Kitu ambacho hakuwa nacho ni lobedi, lile trela refu lenye sakafu iliyo karibu na ardhi, linalobeba mashine zisizoweza kutembea barabarani kwa miguu yake. Kila mashine ilipotakiwa kuhama, ilibidi tukodi kampuni ya kuibeba. Mwenye kazi ya kukodi nilikuwa mimi.

Nyinyi leo mnafungua simu, mnaona picha ya lobedi inayong'aa, mnabonyeza, mnasubiri. Picha haina breki, wanangu. Nendeni mkaione yenyewe ikiwa imelala kwenye yadi yake, bila kubisha hodi kwa simu kwanza. Ukifika ukute minyororo imetupwa kwenye matope, usiulize maswali mengine. Anayetupa mnyororo wake chini hawezi kuuheshimu mzigo wako.

Haya ya "hakuna shida" nilijifunzia kwenye rola. Tulikuwa tukimalizia barabara ya kuingilia nyumba fulani kule Milimani, na Mzee Jaswant mwenyewe ndiye aliyempata mtu wa kuibeba. Jamaa alikuja ofisini amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo. Nikamuuliza kama sakafu ya lobedi yake imewekwa mbao.

"Hakuna shida, madam."

Nikamuuliza kama ana minyororo ya kutosha.

"Hakuna shida."

Nilikuwa nimefungua mdomo kuuliza juu ya bima, akanijibu hivyo hivyo kabla sijatoa neno. Mzee Jaswant alifurahi sana. "Unaona, Nafula? Huyu mtu hapana sumbua."

Siku ya kupakia, mvua ilikuwa imenyesha. Sasa hebu fikirini: gurudumu la rola ni chuma kitupu, sakafu ya lobedi ile ilikuwa chuma kitupu, na kati yao kulikuwa na maji. Rola ilipanda vizuri, ikafika juu, opereta akazima injini na kushuka ili watu wafunge. Kabla ya mnyororo wa kwanza kufungwa, rola ikaanza kurudi nyuma. Haikuwa na haraka yoyote. Ilishuka yenyewe, ikavuka barabara, ikaulaza ua wa miiba wa jirani, ikasimama mbele ya mama mmoja mzee aliyekuwa kwenye bustani yake na kikombe cha chai mkononi. Mama akaitazama rola, akatutazama sisi tulioshika vichwa.

"Mmebisha hodi?" akauliza.

Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Ua ulipandwa upya, na nilitumwa kumwomba radhi yule mama mara nyingi mpaka tukawa marafiki. Miche ya rozimari mnayoiona pale kando ya jiko langu ilitoka kwake. Tangu hapo nikawa mtu wa kukagua sakafu. Chuma juu ya chuma ni mtelezo. Lazima pawe na mbao ngumu, au mpira, hata matairi ya zamani yaliyopasuliwa. Na mashine ya kutambaa kwa minyororo ioshwe matope kabla ya kupanda, kwa maana matope yaliyogandama miguuni ni sabuni inayosubiri maji.

Baada ya kisa hicho Mzee Jaswant aliniambia, "Sasa wewe tafuta. Mimi hapana sema kitu." Alisema vitu vingi baadaye, lakini siku hiyo alinyamaza.

Nikaenda kwenye yadi ya kampuni moja ndogo nje kidogo ya mji. Nilidhani ni mimi nitakayewauliza maswali. Wapi! Walinitoa jasho. Mashine ina uzito gani? Ukiukunja mkono wake, sehemu ya juu kabisa iko kimo gani kutoka chini? Barabara ya kutoka pale ilipo mashine ina daraja? Daraja la mbao au la zege? Nyaya za umeme zimepita wapi? Pale tutakaposhushia, udongo ukoje mvua ikinyesha? Nikakasirika. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, nikarudi kwenye mashine yetu na futi ya fundi kuipima kama mshonaji nguo. Nikiwa juu ya ngazi ndipo nilipoelewa. Kampuni nzuri ni ile inayokusumbua, maana inaiona safari yako kabla haijaanza. Anayesema ndiyo kwa kila kitu, kichwani mwake hakuna safari yoyote. Anaona malipo tu.

Dereva wao alikuwa Mkamba mmoja aitwaye Musyoka, mtu mfupi, mpole, mwenye maneno machache ila kila neno lina pilipili yake. Alikuwa na kijiti chake cha mwanzi. Msicheke. Alikuwa anakata mwanzi ukawa mrefu kuzidi kimo cha mashine kwa kiganja kimoja, anausimamisha nyuma ya pikapu ya kuongoza msafara, na pikapu inatangulia. Mwanzi ukigusa waya au tawi, kila mtu anasimama. Kompyuta yake ilikuwa hiyo, na sikuiona ikiharibika hata siku moja. Jambo lake jingine: baada ya kutembea mwendo mfupi tu tangu kuondoka, angesimama pembeni, ashuke, aigonge minyororo yote kwa chuma, akisikiliza mlio. Mnyororo uliofungwa asubuhi hulegea mzigo ukishajipanga. Ukiona dereva hasimami kukaza tena, mpigie mwenye kampuni palepale.

Sasa niwaambie habari za Mzee Shiundu, kwa sababu yeye ndiye niliyetaka kumfikia.

Shiundu alikuwa opereta wa ile eskaveta ya njano. Nilipoingia kampuni kama karani wa stoo, sikujua tofauti ya nati na bolti. Yeye ndiye aliyenichukua, akanizungusha kwenye mashine, akinitajia kila kitu kwa jina lake: hii ni pini, hii ni bushi, huu ni mpira wa haidroliki, usiguse ukiwa na moto. Alinifundisha mpaka nikaweza kusikia injini ikiwa mgonjwa. Nilimwita mzee kwa heshima, na moyoni nilimweka karibu na baba. Kichwani hakukosa kofia yake, pama ya kahawia yenye ukingo mpana, iliyoonja jua la kila shimo alilowahi kuchimba. Aliivua akiingia kanisani na akienda kulala, basi.

Opereta wa siku hizo walikuwa na desturi moja ambayo nyinyi hamkuikuta. Mashine ikipandishwa kwenye lobedi, opereta hashuki. Anafunga mlango wa kibanda chake, anajimiminia chai kutoka kwenye thamosi, anasafiri huko juu kama chifu, watoto wakimpungia mkono kando ya barabara. Haikuwa majivuno matupu. Malori yakisimama kwenye kituo cha Salgaa ili watu wale chakula, kulikuwa na mafundi wa kunyonya dizeli na kung'oa betri ambao ukimaliza sahani ya matumbo nao wameshamaliza kazi yao. Mashine ikifika haina betri, anayeulizwa ni opereta. Basi opereta walilinda chakula chao. Kampuni za kubeba nazo ziliona sawa, kwa kuwa mlinzi wa bure hajawahi kumchukiza mtu.

Musyoka hakuona sawa.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na saba, Ijumaa. Eskaveta ilikuwa imemaliza kuchimba bwawa kwenye shamba moja kule juu, karibu na Mau Summit, na ilitakiwa kurudi Nakuru. Kesho yake, Jumamosi, binti wa Mzee Shiundu aliyeitwa Rael alikuwa anaolewa, na baba ndiye angemshika mkono kumwingiza kanisani. Rael alikuwa kifungua mimba wake. Mzee alikuwa ametuimbia wimbo wa harusi hiyo wiki nzima, pamoja na habari za suti mpya aliyoshonewa. Nilikuwa nimealikwa, na kitenge changu kilikuwa kimeshapigwa pasi.

Shiundu aliipandisha mashine mwenyewe, na kwa kweli aliipandisha kwa ustadi. Aliiweka ikitazama nyuma, mkono umelazwa chini kuelekea mkia wa lobedi, uzito umekaa sawasawa. Ikiwa hivyo, kibanda cha opereta huwa upande wa katikati ya barabara, upande ambao magari mengine hupita. Injini ikazimwa. Musyoka na tanboi wake, kijana wa kumsaidia kwenye lori, wakafunga minyororo, wakaigonga, wakazunguka. Shiundu akafunga mlango na kufungua thamosi.

Musyoka akainua macho. "Mzee, umefanya kazi safi. Shuka twende."

"Nyinyi endeni tu. Mimi niko sawa hapa."

"Hapo hakai mtu."

"Hapa nimekaa tangu wewe ukinyonya."

"Basi umekaa ya kutosha, mzee wangu. Mpanda ngazi hushuka."

Tanboi akacheka. Shiundu hakucheka. Musyoka akaenda kwenye kichwa cha lori, akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Akaketi kwenye jiwe, akaanza kumenya chungwa taratibu. Alikuwa na sheria nyingine nami niliijua: mzigo mpana hautembei giza likiingia. Tukichelewa pale, tutalala pale, na Rael ataingia kanisani na mjomba.

Nikampigia Mzee Jaswant, nikiwa nimetoka pembeni kidogo. Hata sikumaliza. "Wacha yeye akae juu, Nafula! Miaka yote yeye nakaa juu! Mtoto yake naoa kesho, wewe nataka nini?"

Nilitaka nini? Niliwaza hapo nikitazama mlima. Kutoka kule mpaka Salgaa barabara inateremka na kuteremka, na kila dereva wa nchi hii anajua tabia ya mteremko ule. Madereva wengine hutoa gia, wakaacha lori lijiendee lenyewe ili wabakize dizeli. Huita hivyo kuweka fri. Lori la kwenye fri halina mwenyewe. Musyoka angeweza kushuka kwa gia nzito na asikosee hata kidogo, lakini hangeweza kumwendeshea mtu mwingine lori lake. Nilikodi kampuni ile kwa sababu ya sheria zake. Nikiivunja sheria ya kwanza iliyoniuma, basi nimekodi nini?

"Mzee Jaswant," nikasema, "akikaa juu, hatutoki. Nikikosea, nitakuja ofisini Jumatatu kuchukua vitu vyangu." Nikakata simu kabla hajajibu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tena.

Kisha nikapanda mwenyewe mpaka mlangoni pa kibanda, na viatu vyangu vya matope.

"Mzee, shuka."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa na maumivu kuliko hasira, na hayo ndiyo yaliyonichoma. "Beatrice. Mimi nilikufundisha kila nati ya hii mashine. Leo unanishusha kama kuku amepanda meza?"

"Nakushusha, mzee."

"Betri ikiibwa?"

"Nitajibu mimi."

"Dizeli ikinyonywa?"

"Nitajibu mimi."

"Na nikikuambia kesho usikanyage kwangu?"

"Nitakaa nyumbani. Lakini leo utashuka."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu mwenyewe ndiye hakutaka kusikia, na hakuna methali iliyonifundisha la kufanya. Nilisimama tu pale nimeushika mlango. Mwishowe akafunika thamosi. Akavua ile pama, akaivika juu ya mgongo wa kiti, akaishusha vizuri mpaka kwa mbali ungedhani kuna mtu ameketi amelala.

"Mashine yangu haisafiri bila mtu," akasema. "Huyu atabaki." Akashuka, akanipita bila kunigusa, akapanda kwenye kichwa cha lori kando ya Musyoka. Upara wake uling'aa kwenye jua. Sikuwahi kuuona kabla ya siku hiyo.

Tukaondoka. Pikapu yenye mwanzi na bendera nyekundu mbele, lobedi katikati, nami na dereva wa kampuni kwenye pikapu nyingine nyuma, taa za hatari zikiwaka. Musyoka alisimama kukaza minyororo kama kawaida yake. Niliona Shiundu hakushuka kumsaidia. Alikuwa amekunja mikono, anatazama mbele.

Mteremko ukaanza. Lobedi ilishuka kwa gia nzito, polepole mno, injini ikinguruma, mpaka baiskeli mbili zenye mitungi ya maziwa zikatupita na wenyewe wakatucheka. Kisha nikasikia honi nyuma yetu. Haikuwa honi ya kuomba njia. Ilikuwa ndefu, isiyokatika. Dereva wangu akatazama kwenye kioo, akasema "Yesu," akatupeleka pembeni kabisa.

Lori la nguzo za umeme likatupita. Magurudumu yalitoa moshi. Nguzo zile, magogo marefu ya mikaratusi, zilikuwa zimeanza kupoteza mpangilio wake, kamba moja imekatika inapepea. Lori likakata kulia kuikwepa lobedi, mzigo ukayumba, na nguzo ya juu ikageuka, ncha yake ikaja kushoto. Ikaingia kwenye kioo cha kibanda cha eskaveta. Nilisikia mlio wake ndani ya meno yangu. Nguzo ilichomoka kwenye lori na kubaki imekwama kwenye mashine, na lori lenyewe likaenda kupanda ukingo wa udongo mbele kidogo, likasimama limeinama.

Musyoka alisimamisha lobedi bila hata kuserereka. Mnaona faida ya gia nzito.

Nilikimbia. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki nyuma. Nilijua kwa akili kwamba kibanda kile hakina mtu, nilimshusha mimi mwenyewe, lakini macho yangu yaliona kofia imechomwa kwenye mgongo wa kiti na nguzo nene kama paja la mtu. Nikaketi barabarani, nikalia. Mlango wa lori ukafunguka, Shiundu akashuka. Akapita kando yangu, akapanda kwenye lobedi, akasimama mbele ya kibanda chake. Alikaa pale hivyo, mkono mmoja umeshika chuma.

Dereva wa nguzo alitoka mzima. Musyoka alimpa maji, akasubiri anywe.

"Ulikuwa umeweka fri?"

Yule kijana akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Kunywa tena," Musyoka akasema.

Nikampigia Mzee Jaswant. Nilimwambia kioo kimekwisha, kiti kimekwisha, vyuma vya kuendeshea vimepinda. Akauliza, "Na Shiundu?" Nikamwambia alikuwa amekaa mbele na dereva. "Kioo tutanunua," akasema. "Kioo iko mingi." Kisha nikasikia anapenga kamasi.

Polisi walikuja, wakaandika yao, nguzo ikatolewa. Tulisimama Salgaa kutuliza roho. Ni vyema mjue kwamba bima ya kampuni ile ilikuwa halali, niliiona kwa macho yangu na kuipigia simu ofisi iliyoitoa kabla ya kukodi, kwa hiyo mashine ilitengenezwa bila ugomvi. Fanyeni hivyo hivyo. Karatasi ya bima inaweza kuchapishwa popote, sauti ya ofisini haichapishwi. Lakini siku hiyo hakuna aliyefikiria bima. Chapati na madondo ziliwekwa mezani, na Shiundu alikuwa ameiweka kofia magotini. Ukingo ulibaki mzima. Juu, mahali pa utosi, palikuwa pametoka pote.

Alimgeukia Musyoka. "Uko na watoto?"

"Niko nao, mzee."

"Kesho uwalete wote."

Mimi hakuniambia kitu. Tulifika Nakuru jua likiwa bado lipo, akaenda kwake, nami kwangu, nisijue kama lile neno lake la asubuhi lilikuwa bado limesimama.

Nitaruka kidogo mbele, ndipo nirudi. Mwanzoni mwa elfu mbili na nane nchi ilichafuka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na barabara ile ikafungwa na watu waliokuwa majirani juzi. Mashine zetu zililala yadini, nasi tukashinda tukiulizana kwa simu nani yuko salama. Zilikuwa siku za huzuni na sitazipamba. Barabara ilipofunguka, kazi ya kwanza ilikuwa kupeleka eskaveta kule kule juu. Nilikuwa na wasiwasi mwingi. Shiundu aliipandisha mashine, akazima injini, na kabla ya mtu kusema lolote akaivua kofia yake mpya, akaivika kwenye kiti, akashuka, akafunga mlango. Opereta wengine wakaanza kumwiga. Nilipostaafu, ilikuwa desturi ya kampuni nzima: kofia inapanda, kichwa kinashuka. Mgeni akikataa, alikuwa anatumwa ofisini kwangu akaione ile pama ya zamani iliyoning'inia dirishani. Nilimwambia apitishe mkono. Mkono ulipita mpaka kwapani. Sikuwahi kuhitaji kusema zaidi.

Lakini pama hiyo Shiundu alinikabidhi jioni ya harusi, na harusi ndiyo ninayotaka kumalizia nayo.

Jumamosi ile nilivaa kitenge nikakivua, nikakivaa tena. Mwishowe nikaenda, nikaketi kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, ili nikifukuzwa nisisumbue watu. Sijakaa sawasawa, kijana wa kuongoza wageni akaja mbio.

"Mama Transport ni wewe? Unaitwa mbele."

Nikapelekwa safu ya kwanza, mahali pa familia. Musyoka alikuwepo na mkewe na watoto, amevaa tai inayomnyonga. Kati yake na nafasi niliyowekewa mimi kulikuwa na kiti kimoja, na juu ya kiti, imevikwa mgongoni kwa uangalifu, ile pama isiyo na utosi.

Mjomba mmoja wa bwana harusi alikuja akitaka kukaa pale. "Hapa pana mtu?"

"Pana mtu," Musyoka akasema.

Mjomba akaitazama kofia, akamtazama Musyoka, akaenda kutafuta mahali pengine. Pasta naye akaiona. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kofia ndani ya kanisa, tena mbele, tena imetoboka, haikumpendeza. Akateremka mpaka mlangoni ambako Shiundu alikuwa amesimama na Rael, suti mpya, upara umepakwa mafuta, wakisubiri kinanda kianze.

"Mzee, ile kofia tuitoe kwanza, tafadhali. Hapa ni nyumbani mwa Bwana."

"Pasta," Shiundu akasema, na sauti yake haikuwahi kuwa ndogo, kanisa zima likasikia, "ile kofia imekufa badala yangu."

Pasta akakohoa. "Mzee wangu, aliyekufa badala yetu ni Mmoja tu."

"Najua, Pasta. Na sijamsahau. Huyu ni msaidizi."

Kanisa likaangua kicheko, mpaka Rael akalazimika kuinua shela afute macho. Pasta alijaribu kununa, akashindwa. Kofia ikaachwa.

Kinanda kikaanza. Shiundu akamshika binti yake mkono, wakaja polepole, polepole mno, kwa gia nzito, naye analia waziwazi bila kujificha. Akamkabidhi kwa mumewe. Akageuka kuja kukaa. Alipofika kwenye kiti chake alinishika bega, akaliminya kwa nguvu, mkono wake hauondoki. Kisha akainama mbele ya ile pama.

"Shuka sasa," akaiambia. "Mwenyewe nimefika."